Mark X ya mpwa wangu: gari lililoumizwa na foleni, si mwendo

Mpwa wangu si mtu wa kuamka mapema. Simu yake ilipoita saa kumi na mbili na robo asubuhi nilijua kuna msiba au kuna gari. Lilikuwa gari.

"Shikamoo mjomba. Hebu sikiliza," akasema, kisha akaisogeza simu kwenye boneti. Nikasikia injini inadunda, inatulia, inadunda tena, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Baada ya dakika mbili hivi mdundo ukaisha, ukabaki mngurumo wa kawaida.

"Umeona? Ikishapata moto inakuwa nzima kabisa. Fundi anasema pampu. Na pampu nimeshabadilisha."

Nilimwambia alilete kwangu Ijumaa jioni, aliache lilale, na mtu yeyote asiliwashe mpaka mimi nitakapoamka. Hilo la kutoliwasha nilimrudia mara tatu, na sababu yake itaonekana mbele.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila wiki naulizwa kuhusu magari ya Toyota ya aina hii: Mark X, Altezza, Crown Athlete, Brevis. Wababe wa barabarani wa zamani, ambao sasa bei yao imeshuka mpaka kijana mwenye kazi ya kwanza anaweza kuinua mkono. Majibu anayoyapata huwa mawili. Mmoja atamwambia "D4 hiyo, kimbia," akimaanisha injini inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mwingine atamwambia "chukua, injini ya Toyota haifi." Wote wawili hawajawahi kuifungua.

Gari lenyewe ni kizazi cha kwanza cha Mark X, GRX120, la mwaka 2006. Mark X ilizinduliwa Japani Novemba 2004 kurithi Mark II, jina lililokuwa sokoni tangu 1968. Hili ni toleo la 250G: injini ya 4GR-FSE, silinda sita za mkao wa V, cc 2,499, nguvu za farasi 215, giaboksi otomatiki ya gia sita, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini hiyo hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye Lexus IS 250. Kwa mtu aliyekuwa akiendesha IST, kigari kidogo cha Toyota, siku ya kwanza kulikanyaga hili ni siku ya kusimulia.

Na hapo kwenye IST ndipo kisa kinapoanzia. Mpwa wangu aliuza IST yake kwa milioni 9.5, akaongeza milioni mbili, akaondoka na Mark X ya milioni 11.5. Yeye aliona amepata bahati: ameongeza milioni mbili tu na amepanda kutoka silinda nne hadi sita, kutoka viti vya kitambaa hadi gari ambalo wenzake kazini wanalizunguka na kulipiga picha. Mimi nilivyosikia bei nilijiuliza swali la kinyume. Kwa nini kigari cha cc 1,300 au 1,500 kinakaribiana bei na sedani ya silinda sita? Sokoni hakuna mjinga. Watu wanaonunua na kuuza magari mkononi wameshapiga hesabu ya petroli, ya plagi sita badala ya nne, ya bushi, ya oili, na wameiondoa hesabu hiyo kwenye bei mapema. Nafuu aliyoiona ilikuwa ni gharama ambazo mwenye gari wa kwanza amemwachia azilipe yeye.

Kuagiza kutoka Japani nako hakukumfaa. Gari la zaidi ya cc 2,000 lilikuwa linabeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati lile la kati ya cc 1,000 na 2,000 lilibeba asilimia 5, na juu yake kulikuwa na ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri huo. Ndiyo maana Mark X nyingi za kizazi cha kwanza zinazunguka mkononi, zikiwa na namba za usajili za herufi D, kutoka kwa mtu hadi mtu.

Sasa nilimuuliza alilikaguaje. Akanijibu kwa fahari: alijaribu AC, akafungua na kufunga vioo vyote, akaangalia bodi kama limepigwa rangi, akakagua rimu za inchi 18, akaliendesha hadi barabara kuu na kurudi. Nikamuuliza, ulipofika boneti ilikuwa ya baridi au ya moto? Akafikiri kidogo. Ilikuwa ya moto. Dalali alimwambia wameliwasha mapema "ili betri isilale."

Basi. Ugonjwa wa gari hili unaonekana dakika mbili za kwanza za asubuhi tu, na dakika hizo mbili zilikuwa zimeshapita kabla mnunuzi hajashuka kwenye bodaboda. Sisemi dalali alijua. Ninachojua ni kwamba mtu anayenunua gari anapaswa kugusa boneti kabla hajagusa usukani, na akikuta ina moto, aage na arudi kesho alfajiri bila kupiga simu.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Kati ya hapo na Februari 2024, gari lilipita kwenye gereji mbili, na naomba niwe mwadilifu kwa mafundi hao kwa sababu hawakuwa wezi. Walikuwa wanapiga ramli tu. Taa ya injini iliwaka, wakachomeka mashine, ikasoma P0304, yaani silinda ya nne haichomi vizuri. Wakabadilisha koili, kipande kinachoipa plagi umeme, ya silinda ya nne. Siku tatu, taa ikarudi. Wakabadilisha plagi zote sita, za bei ya chini. Ikarudi. Wakasema basi koili zote, akanunua seti ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Ikarudi, safari hii na P0300, inayosema silinda zinakosea bila mpangilio. Wakasafisha mlango wa hewa. Wakabadilisha sensa ya hewa. Wakamalizia na pampu ya ndani ya tanki.

Kosa lao ni moja na linarudiwa nchi nzima: mashine inapotaja silinda ya nne, fundi anasikia "koili ya nne". Namba ile inakuambia mahali penye maumivu, haikuambii kilichouma. Kipimo cha koili hakihitaji hata shilingi. Unachomoa koili ya nne unaihamishia kwenye silinda ya pili, na ya pili unaileta kwenye ya nne, unafuta kumbukumbu, unawasha gari likiwa la baridi. Kosa likihamia kwenye silinda ya pili, koili ni mbovu. Likibaki pale pale kwenye ya nne, koili haina hatia. Dakika kumi na spana moja. Hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu gari walilipokea mchana, likiwa limeshapata moto, na lilikuwa linanguruma vizuri.

Gereji ya pili ndiyo iliyotoa hukumu ya mwisho: "Hii D4, dogo. Ng'oa, weka injini nyingine." Hapo ndipo aliponipigia mimi.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa watatu uani: mimi, mpwa wangu, na fundi mmoja wa Ilala ambaye namwamini kwa sababu huwa anauliza maswali kabla hajashika spana. Kabla ya kuwasha chochote, fundi alivuta kijiti cha oili. Akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Kilikuwa kikavu, isipokuwa tone jeusi kwenye ncha.

"Oili umemwaga lini, mdogo wangu?"

"Mwezi wa kumi na moja. Walisema ni ya kilomita elfu tano."

"Na tangu hapo umeangalia?"

Kimya. Iliingia karibu lita mbili ndipo ikafika alama ya juu. Hatukuwa na tone chini ya gari, wala kwenye sakafu ya pale anapoegesha kwake. Oili ile ilikuwa inaungua, na kila inapoungua inaacha kitu nyuma.

Kitu cha pili tulikikuta kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kuna kistika kidogo cheupe kilichoandikwa Kijapani, kimefifia, ambacho mpwa wangu alikuwa anakiona kila siku na kukidhania ni pambo. Ni vistika wanavyobandika mafundi wa kule wanapobadilisha oili. Maandishi sikuyasoma, lakini namba ni namba: 27, halafu 131,400. Ishirini na saba ni mwaka wa Heisei, hesabu ya Wajapani iliyoanza 1989, hivyo ni 2015. Mwaka 2015, huko Japani, gari hili lilikuwa limetembea kilomita 131,400. Dashibodi siku ile ya kununuliwa, mwaka 2023, ilisoma 98,600.

Mpwa wangu alikaa kwenye kizingiti kama dakika mbili. Halafu akasema anakwenda kwa dalali. Nikamwomba kwanza atoe karatasi ya mauziano. Iliandikwa "mnunuzi amelikagua gari na ameridhika na hali yake," na sahihi yake iko chini. Akairudisha kwenye bahasha.

Tukaliwasha. Likatetemeka mpaka kioo cha nyuma kikawa kinacheza. Mashine ikaonyesha silinda ya nne na ya pili. Tukabadilishana koili kati ya ya nne na ya sita, tukalizima, tukaliacha lipoe mpaka jioni. Kosa halikuhama. Koili tukazifuta kwenye orodha.

Hapa nikiri jambo. Mimi mwenyewe, kwa ule uoga wa D4 ambao umetuingia sote, nilianza kuituhumu pampu ya shinikizo kubwa, ile inayosukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Tulipoteza nusu siku ya Jumapili tukiifuatilia. Ilikuwa nzima. Fundi alinicheka kwa adabu.

Kilichotupa mwelekeo ni plagi. Tano zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, si mbaya sana. Ya nne ilikuwa nyeusi, yenye ukoko mkavu unaomeguka kwa ukucha. Tukapima mgandamizo wa silinda zote. Sitoi namba kama sheria, kwa maana kipimo cha gereji moja hakilingani na cha nyingine. Unachotafuta ni silinda kulingana zenyewe kwa zenyewe. Tano zilikuwa kati ya 172 na 178. Ya nne ilikuwa 161. Tukamwagia kijiko cha oili ndani yake, tukapima tena: ikapanda hadi 173. Oili imeziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda kwa muda, mgandamizo ukarudi. Maana yake ringi za pistoni ile zimechoka au zimekwama, lakini injini haijafa. Gari lenye mgandamizo kama huo linapaswa kuwaka na kutulia. Kitu kingine kilikuwa kinaizuia hewa.

Tukafungua manifoldi ya kuingizia hewa. Fundi akaingiza ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, akanipa simu nitazame.

Nimeona masufuria yaliyopikia kwenye kuni miaka ishirini. Shina la vali lilikuwa limevimba masizi meusi yenye mafuta, yamejikunja kama uyoga, na njia ya hewa iliyopaswa kuwa pana kama kikombe cha kahawa ilikuwa imebaki kama mwanya. Vali za silinda ya nne na ya pili zilikuwa mbaya kuliko zote. Mpwa wangu akaichukua simu, akatazama, akasema neno moja ambalo mama yake asingependa nilirudie hapa.

Sasa kuhusu hiyo D4. Katika injini ya kawaida, nozeli inanyunyizia petroli nyuma ya vali ya kuingizia, kisha petroli na hewa vinaingia pamoja. Petroli ile, bila mtu kukusudia, inaosha vali kila sekunde. Katika mfumo wa D-4, nozeli iko ndani ya silinda yenyewe. Petroli inapimwa kwa usahihi zaidi, na mgandamizo unaweza kuwa mkubwa. 4GR-FSE ina uwiano wa 12 kwa 1. Ila vali haioshwi tena. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini unapita juu ya vali yenye moto, unaganda, na hakuna wa kuufuta. Hili si la kampuni moja. Karibu kila injini inayonyunyizia ndani tu ina tabia hii. Marekani, wenye IS 250 walilalamika sana, na Toyota ikatoa maelekezo ya kiufundi yaliyohusu kusafisha masizi na hata kubadilisha pistoni na ringi. Injini za lita 3.5 za familia hiyo hiyo, 2GR-FSE, zilipewa nozeli za aina mbili, za ndani na za nje, na tatizo likapungua kwa sababu vali zilipata tena wa kuziosha.

Kwa nini litetemeke asubuhi tu? Injini ya baridi, gari likiwa limesimama, inavuta hewa kidogo, kwa mwendo mdogo. Masizi yakiivuruga hewa hiyo na vali isipokaa vizuri kwenye kiti chake, silinda inakosa pumzi. Ikipata moto, kompyuta inarekebisha, vyuma vinatanuka, na mtu anadhani gari limepona.

Na sasa nije kwenye kichwa cha habari. Watu wakiona Mark X imekufa injini, wanasema kijana alikuwa anakimbiza. Huyu hakuwa anakimbiza. Anaishi Mbezi ya Kimara, pembeni mwa jiji, anafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Kila siku ya kazi anakaa kwenye Barabara ya Morogoro saa moja na nusu kwenda na zaidi ya hapo kurudi, gia ya kwanza, ya pili, breki, AC imewashwa, injini inaunguruma bure Ubungo. Injini iliyotengenezwa ipumue kwa nguvu ilikuwa inapumua kwa pua moja kwa miezi. Ongeza oili iliyokaa muda mrefu na ringi zinazovuja, na umepata kiwanda cha masizi. Kuna wanaosema dawa ni kulipeleka Chalinze na kulikanyaga mpaka mwisho. Safari ndefu inasaidia masizi yasijengeke haraka, lakini yaliyokwisha kuganda kwenye vali hayatoki kwa kukanyaga, wala kwa dawa ya kumimina kwenye tanki, kwa sababu petroli haifiki pale. Yanatoka kwa mkono.

Kazi ilichukua siku mbili. Unaizungusha injini kwa spana kubwa kwenye puli ya chini mpaka vali mbili za kuingizia za silinda unayoishughulikia zifunge kabisa, kisha unaziba matundu mengine yote kwa vitambaa. Ukisahau hapo, masizi yatadondokea ndani ya silinda na utakuwa umejitengenezea msasa. Unamimina dawa, unasubiri nusu saa, unasugua kwa brashi za nailoni na vijiti vya mti, unafyonza uchafu, unamimina tena. Vali kumi na mbili. Ya silinda ya nne tuliirudia mara nne. Fundi alikataa kutumia brashi ya chuma, na alipomkuta mpwa wangu ameshika bisibisi alimnyang'anya bila maneno. Tukabadilisha pia vali ya kupumulia ya injini, kipande kidogo kisichozidi kidole gumba, ambacho kazi yake ni kudhibiti mvuke huo wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Iliyokuwapo ilikuwa imeziba kabisa. Hiyo mafundi wa mwanzo hawakuigusa kwa sababu haiwashi taa.

Nilimwandikia mpwa wangu hesabu mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni ya miezi mitano ya ramli: plagi 150,000, koili moja 60,000, seti ya koili za mtumba 300,000, kusafisha mlango wa hewa 40,000, sensa ya hewa 130,000, pampu 220,000, na ufundi 200,000. Jumla shilingi 1,100,000. Ya pili ni ya siku zetu: plagi nzuri za iridiamu 270,000, vali ya kupumulia 45,000, gasketi 90,000, dawa na brashi 85,000, oili na filta 190,000, kipimo cha mgandamizo 50,000, ufundi 350,000. Jumla 1,080,000. Hela ya kulitengeneza alikuwa nayo tangu mwanzo. Alikosa mtu wa kuliwasha likiwa la baridi.

Asubuhi iliyofuata aliwasha mwenyewe. Akaweka glasi ya maji juu ya boneti, kiutani, na maji hayakucheza. Mjini gari lilikuwa linakwenda kilomita 5.8 kwa lita, kwa kipimo cha kujaza tanki hadi juu na kugawanya. Baada ya hapo likafika 7. Ni nafuu, ila bado ni Mark X. Anatembea kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, jumla 880. Kwa kilomita 7 kwa lita ni lita 126, na kwa shilingi 3,200, bei iliyokuwa karibu na ya Dar mwanzoni mwa 2024, ni takriban 402,000 kwa mwezi. IST yake ilikuwa inakwenda 12 kwa lita, kama 235,000. Tofauti ni 167,000 kwa mwezi, milioni mbili kwa mwaka. Ile milioni mbili aliyoongeza wakati wa kununua, ataiongeza tena kila mwaka pale kituo cha mafuta.

Oili ndiyo iliyobaki. Baada ya kila kitu, gari linakula lita moja kwa kama kilomita 1,800. Kusafisha vali hakuponyi ringi. Nilimpa njia tatu. Kufungua injini na kuweka pistoni na ringi mpya, kazi ambayo fundi alikadiria milioni tatu na zaidi. Kununua injini ya mtumba, ambayo inaweza kuja na masizi yake na ringi zake, na hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia kwa mara ya pili. Au kuishi nalo: kuangalia kijiti kila Jumapili, kumwaga oili kila kilomita 5,000 bila mjadala, na kutenga fedha kidogo kidogo kwa ajili ya siku ya kufungua. Akauliza kama hawezi kuweka oili nzito, 20W-50, ili isiungue haraka. Wengi wanafanya hivyo. Nikamkataza: mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa vali kufunguka, na kifaa cha kukaza cheni ya injini vinategemea oili nyepesi inayofika haraka asubuhi, na asubuhi ndiyo saa mbaya ya gari hili. Akachagua njia ya tatu. Kwa umri wake na mshahara wake, mimi pia ningechagua hiyo.

Mengine nayapitia haraka. Rimu za 18 ziliondoka. Moja ilishapinda kwenye shimo la barabara ya vumbi kwao, na tairi zile nyembamba hazina mto. Aliweka za 16 na tairi za 215/60, akanuna wiki nzima kwamba gari limekuwa la mzee. Bushi za mikono ya chini mbele zilibadilishwa. Rejeta ilikuwa na maji ya bomba yenye kutu, ikasafishwa na kuwekwa kulanti. Bima alibaki na ndogo, ile inayofidia watu wengine tu, iliyokuwa 118,000, na hapo hatukuelewana. Kwa gari linalowavutia wenye haraka, mimi ningelikatia kubwa.

Nisije nikaonekana nalichukia gari hili. Mwezi wa nne alinipa funguo tukielekea Morogoro. Kuanzia mizani ya Vigwaza malori yalikuwa yamepanga mstari. Ukiona mbele kuna nafasi, unakanyaga, giaboksi inashuka gia mbili, na gari linakwenda kwa sauti ya chini, halipigi kelele, mgongo unaegemea kiti, na lori la mafuta limeshabaki nyuma kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ile ni raha halali, na kwa milioni 11.5 sijui gari jingine litakalokupa hivyo. Usukani wake una uzito mzuri, na kwenye kona unahisi nyuma inasukuma, haivutwi. Kisha tukafika penye kibao cha 50 na rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, na gari lililokuwa likitokea upande wa pili likatuwashia taa. Tukapunguza. Askari wa trafiki wenye tochi za kupima mwendo walikuwa chini ya mwembe. Mpwa wangu alikuwa ameshawalipa 30,000 wiki mbili kabla, mahali pale pale, kwa hiyo alicheka kuliko mimi.

Nilimpa kidaftari cha kukaa kwenye droo ya dashibodi: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, asubuhi ikoje. Jumapili iliyopita alikuja kumsalimia shangazi yake, nikatoka kukitazama. Kurasa zimejaa, mwandiko mzuri, hajaruka wiki. Kilomita 3,412 tangu tusafishe, oili lita 1.9, asubuhi zote "sawa" isipokuwa moja iliyoandikwa "kidogo, mvua". Pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kwa penseli, kulikuwa na maneno mengine: "300G, cc 3,000, farasi 256. Bei?"

Nikakirudisha kwenye droo, nikafunga mlango taratibu, nikaingia ndani kunywa chai.